Kuhesabu Mwanga kwa Mafungu: Ujuzi Uko Katika Kupangua

Anayeingia mchana katika nyumba ya kale ya mawe kisiwani Lamu hupita kwanza dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na ndipo anapofikia vyumba vinavyofuatana kuelekea nyuma. Vyumba hivyo havipati jua moja kwa moja. Mwanga uliomo umeingilia juu ya kiwanda, ukagonga sakafu, ukarukia ukuta uliopakwa chokaa, ukapita mlangoni, ukagonga dari na kuteremkia kwenye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani. Na kila ulipogonga ulipungua kidogo na kuchukua sehemu ya rangi ya pale ulipogonga. Hata hivyo mtu huketi humo akasoma barua bila kuwasha taa.

Mchoraji wa kompyuta anayetaka picha ya chumba hicho ifanane na chumba chenyewe hawezi kulikwepa jambo hili. Kila kipande cha ukuta kilichoangaziwa ni taa kwa vipande vingine vyote vinavyokiona, navyo ni taa kwake. Nimefanya kazi ya kuchora majengo kwa kompyuta kwa miaka kadhaa, na swali lililonishughulisha kuliko mengine ni hili: mwanga huu unahesabikaje bila kuhesabu kila kitu dhidi ya kila kitu? Jibu lililopatikana tangu miaka ya 1980 ni kukusanya vitu katika makundi na kulichukulia kundi kama kitu kimoja. Naliamini jibu hilo, lakini naona linaelezwa nusu. Mnunuzi sokoni huchukua fungu la nyanya bila kupima nyanya moja moja, na ni sahihi afanye hivyo. Lakini mnunuzi mzoefu hujua pia fungu lipi alipangue aone zilizofichwa chini. Katika kuhesabu mwanga, ujuzi wote uko hapo kwenye kupangua.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 1984, Goral, Torrance, Greenberg na Battaile wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua hesabu ambazo wahandisi wa joto walikuwa wakizitumia kukadiria jinsi nyuso zinavyopashana joto kwa mnururisho, wakazitumia kwa mwanga. Japani nako Nishita na Nakamae walitoa mbinu ya aina hiyo mwaka 1985. Mbinu hiyo, iitwayo radiositi, hukata nyuso zote za chumba kuwa vipande vidogo, kisha kwa kila jozi ya vipande hutafuta namba moja: sehemu gani ya mwanga unaotoka kipande hiki hufika kile. Namba hiyo hutegemea umbali, jinsi vipande vinavyoelekeana, na kama kuna kitu kinachokinga kati yao. Vipande 1,000 vinaleta namba 1,000,000, na hilo si gumu. Vipande 100,000, ambavyo si vingi kwa jengo lenye nakshi, vinaleta namba bilioni 10. Ukiihifadhi kila moja kwa baiti nne, unahitaji takriban gigabaiti 40 za kumbukumbu kabla hujachora hata pikseli moja, yaani nukta moja ya picha.

Wako wanaodhani kwamba shida hii ni ya zamani na kwamba mashine za leo zimeimaliza. Hesabu inasema vingine. Kazi inapokua kwa mraba wa idadi ya vitu, kompyuta yenye kasi mara 100 inakuruhusu kuongeza vitu mara 10 tu. Ukiwa na mbinu ambayo kazi yake hukua kwa idadi ya vitu ikizidishwa na logi yake, namba inayokua polepole sana, kompyuta hiyo hiyo, ukianzia vitu milioni moja, inakupeleka zaidi ya mara 70. Ndiyo kusema kwamba mashine inapozidi kuwa na nguvu, mwenye mbinu mbaya huachwa nyuma zaidi na mwenye mbinu nzuri, wala hamkaribii.

Njia ya kutoka ilionekana kwanza katika elimu ya nyota. Atakaye kukadiria mwendo wa maelfu ya nyota anakutana na tatizo lile lile, kwa sababu kila nyota huvuta kila nyota. Appel mwaka 1985, kisha Barnes na Hut mwaka 1986, walionyesha kwamba kundi la nyota lililo mbali linaweza kuhesabiwa kama uzito mmoja uliokaa katikati ya kundi, na kosa likawa dogo kiasi cha kutojali. Kundi lililo karibu hufunguliwa na vijikundi vyake kutazamwa, na navyo vikiwa karibu mno hufunguliwa pia. Mwaka 1991 Hanrahan, Salzman na Aupperle walitambua kwamba mwanga unafanana sana na mvutano huo: nao hupungua kwa mraba wa umbali. Tofauti kubwa ni kwamba nyota haikingi mvutano wa nyota nyingine, ilhali ukuta hukinga mwanga. Nitairudia tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo chanzo cha taabu nyingi.

Namna walivyofanya inastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua ukuta mrefu wenye zidaka na ukuta mtupu ulio mkabala nao, umbali wa mita tatu. Badala ya kukata kuta zote mbili tangu mwanzo, unaziacha nzima na kuuliza: nikiuunganisha ukuta huu mzima na ule mzima kwa namba moja tu, kosa litakuwa kubwa kiasi gani? Likizidi kiwango ulichojiwekea, unaukata ukuta mmoja vipande vinne na kuuliza tena kwa kila kipande. Pale pembeni, kuta mbili zinapokutana, unakata na kukata tena, kwa kuwa sentimita chache za umbali hubadilisha kila kitu. Katikati ya ukuta, kipande kikubwa kinaweza kuunganishwa na kipande kikubwa bila hasara. Na kipande chenye giza hakikatwi sana, maana hata kosa kubwa katika mwanga mdogo ni mwanga mdogo. Mwishowe idadi ya miunganisho hukua sambamba na idadi ya vipande, si kwa mraba wake.

Mbinu hiyo, hata hivyo, ilianzia na nyuso kubwa chache na kuzikata. Haikuwa na la kufanya kuhusu vitu vilivyokwisha kuwa vidogo tangu mwanzo. Ukumbi wenye viti 50, kila kiti kikiwa na vipande 1,000, una vipande 50,000, na kabla ya kukata chochote tayari kuna jozi bilioni 1.25 za kuangaliwa. Mwaka 1994 Smits, Arvo na Greenberg walipanda ngazi upande wa pili: badala ya kukata tu, walikusanya. Vipande vya kiti vikawa kundi, viti vya safu moja vikawa kundi kubwa zaidi, na ukuta wa mbali ukaruhusiwa kuzungumza na safu nzima kwa muunganisho mmoja. Ufaransa, Sillion alifuata njia yake kwa wakati huo huo.

Hapa ndipo jambo linaponoga, kwa sababu kundi si kitu. Kipande cha ukuta kina uso mmoja, kimeelekea upande mmoja, na hakipitishi mwanga. Kundi la viti lina nyuso zilizoelekea pande zote, lina uwazi mwingi katikati, na baadhi ya nyuso zake zimefichwa na nyingine. Ukilifanya kuwa sanduku lisilopitisha mwanga, sakafu chini ya viti itakuwa nyeusi kama pango. Ukilifanya halina kinga yoyote, viti havitakuwa na kivuli. Sillion alichagua kulitazama kundi kama moshi: mwale unaopita ndani yake hupunguzwa kulingana na wingi wa nyuso zilizomo. Kwa mwembe unaotazamwa kutoka mbali, wazo hilo ni zuri ajabu, maana mwanga hupenya kati ya majani karibu kama unavyopenya moshi. Kwa rafu ya vitabu, ambayo nyuso zake zimejipanga kwa mstari upande mmoja, wazo hilo hukosea, kwa kuwa moshi haujui upande. Naona somo kubwa liko hapa: unapovifanya vitu vingi kuwa kimoja, lazima useme waziwazi ni sifa zipi umezihifadhi na zipi umezitupa. Fungu la nyanya huhifadhi bei na hutupa ubichi wa kila nyanya.

Kuna aina nyingine ya makundi ambayo watu huichanganya na hii, na kuchanganya huko kumewapotosha wengi. Mwaka 1980 Whitted alieleza mbinu ya kufuata miale kutoka jichoni kuelekea vitu, na akakuta kwamba sehemu kubwa mno ya muda wa kompyuta ilikwenda kwenye kuuliza kila mwale umegonga kitu gani: asilimia 75 kwa picha rahisi, na zaidi ya 95 kwa picha ngumu. Mwaka huo huo Rubin na Whitted walipendekeza kuvifunga vitu katika maboksi, na maboksi ndani ya maboksi, hata ikapatikana miti yenye mzizi, matawi na majani. Mwale usiogusa boksi kubwa hauna haja ya kuulizwa kuhusu chochote kilicho ndani yake. Picha ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukiwa na vitu vilivyoundwa kwa pembetatu milioni moja na mwale mmoja tu kwa kila pikseli, kukagua kila pembetatu kunaleta maswali zaidi ya trilioni 2. Mti uliosawazika wa pembetatu milioni moja una ngazi zipatazo 20 tu. Baadaye Goldsmith na Salmon mwaka 1987, kisha MacDonald na Booth mwaka 1990, waliboresha ujenzi wa miti hiyo kwa kutumia ukweli mmoja mzuri: mwale uliogonga boksi kubwa una uwezekano wa kugonga boksi dogo lililo ndani yake unaolingana na uwiano wa maeneo ya nyuso zao. Kwa hiyo boksi zuri ni lile lenye uso mdogo lakini lenye vitu vingi.

Makundi ya namna hii hayabadilishi jibu. Mwale uliogonga pembetatu fulani utaigonga hiyo hiyo, uwe na mti au usiwe nao. Kinachopungua ni muda. Makundi ya mwanga, kwa upande wake, hubadilisha jibu, kwa sababu yanaweka kadirio mahali pa vitu halisi. La kwanza ni kama kupanga mafaili ofisini ili uyapate upesi. La pili ni kama kusoma muhtasari badala ya faili lenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa yote mawili kwa jina moja la kuharakisha kazi hatajua ni lini aiamini picha yake na lini aitilie shaka.

Kadirio linaloheshimika ni lile linalotaja kikomo cha kosa lake. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Walter na wenzake wa Cornell ya mwaka 2005, iliyopanga taa nyingi katika mti. Kila tawi la mti huo lina taa moja ya kuwakilisha zilizo chini yake, na pia lina kikomo cha kosa linaloweza kutokea ukiitumia taa hiyo badala ya zote. Kwa kila nukta inayoangaziwa, programu huanzia kwenye mzizi, hupangua tawi lenye kosa kubwa kuliko yote, kisha linalofuata, hadi makosa yote yashuke chini ya asilimia 2 ya jumla ya mwanga. Asilimia hiyo haikuokotwa njiani: msingi wake ni kanuni ya Weber kuhusu badiliko dogo kabisa ambalo jicho la mtu hulitambua. Nukta iliyo karibu na taa hupangua tawi la taa hiyo mpaka kwenye jani, na nukta iliyo upande wa pili wa chumba hutosheka na tawi. Hakuna mgawanyo mmoja wa makundi unaofaa chumba kizima. Kila nukta ina mgawanyo wake, nao huamuliwa na kosa.

Watengenezaji wa programu za leo wamechukua njia nyingine. Conty Estevez na Kulla mwaka 2018 walieleza mti wa taa ambao hauweki mwakilishi mahali pa kundi, bali husaidia kubahatisha kwa busara: unateremka kutoka mzizini ukichagua kila mara tawi moja kati ya mawili, na tawi lenye nguvu zaidi, lililo karibu zaidi na lililoelekea upande wako lina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Mwishoni unapata taa moja halisi, na mchango wake unaugawa kwa uwezekano wa kuichagua. Ukirudia mara nyingi, wastani hufikia jibu sahihi, hata kama mti ulizikadiria vibaya taa zilizomo. Kosa halipotei, hubadilika sura na kuwa chenga, zile nukta nukta zinazotapakaa katika picha. Kwa maoni yangu chenga ni kosa la kiungwana kuliko lile la wastani uliotulia, kwa sababu huonekana. Picha yenye chenga inakuambia yenyewe kwamba haijaiva, ilhali picha laini iliyokosea hunyamaza. Blender, programu ambayo vijana wengi wa kwetu huitumia kwa kuwa haiuzwi, iliingiza mti wa taa wa aina hii katika toleo la 3.5 mwezi Machi 2023.

Nilipolipata toleo hilo nilikuwa na modeli ya vyumba viwili vilivyopakana, vilivyotenganishwa na ukuta mmoja mnene wa mawe ya matumbawe. Pande zote mbili za ukuta huo kulikuwa na safu za zidaka, na katika kila kidaka niliweka taa ndogo ya rangi ya mshumaa, zikafika zaidi ya 300 kwa jumla. Nilitarajia chenga ziishe. Ziliisha kweli katika sehemu kubwa ya chumba: sakafu ikawa safi, na vivuli vya nakshi za chokaa vikatulia kwa miale michache kuliko nilivyozoea. Lakini ukuta wenyewe wa zidaka ulibaki umejaa chenga kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Nilizima taa za chumba cha pili ili nione, na chenga nyingi zikatoweka papo hapo. Sababu ikawa wazi. Kwa nukta iliyo ukutani ndani ya kidaka, taa za kidaka cha upande wa pili ziko umbali wa nusu mita tu, na mti wa taa hupima nguvu, umbali na uelekeo, haupimi kama kuna ukuta kati. Taa hizo nilikuwa nimezitengeneza zitoe mwanga pande zote, kwa hiyo hata uelekeo haukuzipunguzia umuhimu. Programu ilikuwa ikichagua mara kwa mara taa zisizoweza kuangaza hata chembe ya nukta ile, ikatuma mwale, ukagonga jiwe, ukarudi na sifuri. Hii ndiyo ile tofauti kati ya mwanga na mvutano wa nyota. Kujua nani anamwona nani ndiko kugumu kuliko yote katika kazi hii, na makundi yaliyotengenezwa kwa ukaribu peke yake hayajui kitu kuhusu hilo. Marafiki wawili wanaoishi nyumba zinazogusana migongo huwa majirani kwenye ramani, lakini kukutana kwao kunahitaji kuzunguka mtaa mzima.

Katika michezo ya kompyuta, ambako picha lazima ikamilike kwa sehemu ndogo ya sekunde, makundi hufanywa kinyume, yaani hukusanywa sehemu zinazoangaziwa badala ya taa: Olsson, Billeter na Assarsson wa Sweden mwaka 2012 walikusanya sehemu za picha zilizo karibu kwa kina na mahali, kila kundi likapewa orodha fupi ya taa zinazolifikia. Orodha hizo nazo mara nyingi hazijui kama kuna ukuta kati.

Nasikitishwa na jinsi mazungumzo haya yanavyokwenda kwetu. Kijana akisema picha zake zinachukua muda mrefu kurenda, yaani kuhesabiwa hadi zikamilike, au zina chenga, ushauri wa kwanza anaopewa, na mara nyingi wa mwisho, ni kwamba anunue kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi. Kadi hizo ni ghali, na kwa wengi ni akiba ya miezi mingi. Anayetoa ushauri huo hukosa kumwambia kwamba kinachoifanya kadi ya kisasa iwe na kasi ya kufuata miale ni mawazo haya haya: tangu kizazi cha Turing cha mwaka 2018, kadi za kampuni ya NVIDIA zina sehemu maalumu iliyoundwa kuteremka miti ya maboksi na kukagua pembetatu. Wazo la mwaka 1980 limechorwa kwenye silikoni. Mwenye kadi hiyo asiyejua mti ni nini ataweka kitambaa kimoja kikubwa kilichotanda chumba kizima, boksi lake likameza maboksi mengine yote, kisha ashangae kasi imekwenda wapi. Mwenye kompyuta ya kawaida anayejua atakigawa kitambaa hicho vipande, na kazi yake itakwenda.

Kwa hiyo ningependa walimu wa fani hii katika vyuo vyetu waanze na kosa kabla ya programu. Wampe mwanafunzi nyuso mbili na taa kumi, akadirie kwa mkono mchango wa taa zote kumi kama taa moja, apime amekosea kiasi gani, kisha ausogeze uso mmoja karibu na taa na kupima tena. Hesabu hiyo haihitaji umeme. Baada ya saa moja ataona kwa macho yake mahali ambapo kundi linafaa na mahali linapovunjika, na atakuwa amepata kitu ambacho toleo jipya la programu haliwezi kukifuta.

Chumba changu cha zidaka nilikimaliza kwa kupanga makundi mwenyewe: taa za kila chumba zikawa na fungu lake, na nilipochora chumba cha kwanza nilizima fungu la cha pili. Chenga zilikwisha. Lakini mlango kati ya vyumba viwili ulikuwa wazi, na nilipolinganisha picha mbili niliona kwamba utepe mwembamba wa mwanga wa manjano uliokuwa ukilala sakafuni, kuanzia kizingiti hadi mguu wa kitanda, haukuwapo tena. Ikabidi nirudi, nilipangue fungu la chumba cha pili, nitafute moja moja taa zinazouona mlango, nikazikuta nne, na kuziwasha hizo peke yake.